Sindano Ziko Bukama

Yaya alipopiga simu kutoka Lubumbashi kusema anakuja kumwona mama kwa macho yake mwenyewe, nilishindwa kukaa. Nilikuwa nakaa, nasimama, nafungua sanduku, nalifunga, natoka barazani kuangalia barabara ingawa nilijua hawezi kufika siku ile wala kesho yake. Kwetu kaka mkubwa tunamwita yaya. Maneno yake yalikuwa machache, na sina haki ya kuyaongezea:

"Nakuya kuona. Kama mama anaweza kubakia pale na weye, abakie. Kama hawezi, narudia naye huku, atakaa huku, nyumba tutaifunga."

Nikamjibu sawa. Ningemjibu nini? Mimi ndiye niliyempa habari. Nilimwambia kwamba mama alitia chumvi katika chai, na si mara moja. Nilimwambia kwamba alimsalimia mama jirani akidhani ni dada yake aliyekufa zamani, akamuuliza safari ilikuwaje. Na yaya mwenyewe alisikia, katika simu moja, mama akimsimulia kisa cha samaki wa Bukama, akakimaliza, akavuta pumzi, akaanza upya: "Kulikuwa samaki moja…"

Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini sikumwambia kwamba mama anaendelea kufua nguo zake, wala kwamba bukari anayosonga, yaani ugali, haina donge hata moja, wala kwamba kanisani anaimba nyimbo zote beti kwa beti bila kitabu. Hayo nayo yalikuwa kweli, nami niliyaacha. Sijui kwa nini. Huenda mtu akiulizwa habari za mzazi wake aliyezeeka anaanza na zile zinazomtisha, na akimaliza hizo salio limekwisha.

Mimi niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari. Kaye hii, daftari langu, naiandika kama ninavyosema, na pale nisipokuwa na hakika nasema sina hakika.

Sasa nieleze sanduku, maana mambo yote yalipita humo.

Papa yetu, yaani baba, alikuwa mtu wa breki kwenye treni za mizigo, kati ya Kamina na Lubumbashi. Alitengeneza sanduku la mbao, refu kama mkono na jembamba, la kuweka vitu vidogo vya nyumbani, kwa sababu alichukia kuona mtu anageuza nyumba nzima akitafuta pini. Ubao ulitoka kwenye vago, behewa bovu la mizigo lililokuwa linavunjwa. Niliandika hapa "alipewa", nikafuta. Niliandika "alichukua", nikafuta. Ubao ulitoka kwenye vago.

Ndani alipiga kuta ndogo, vikawa vyumba katika mstari mmoja, na kila chumba alikipa jina la stesheni ya njia yake. Kamina, nyumbani, kilikuwa cha vitu vya kila siku: ufunguo wa kabati, wembe, dawa ya kichwa. Bukama kuna mto na wavuvi, basi huko alitia ndoano, na pamoja na ndoano vyote vyenye ncha, sindano na pini, na uzi wake. Luena kulichimbwa makaa, kwa hiyo viberiti na vipande vya mishumaa. Tenke reli zinaachana, moja inaenda Kolwezi: kamba, mipira, waya, vyote vya kuunganisha. Likasi, chuma: misumari na skrubu. Lubumbashi, mji mkubwa, alitia vitu vizuri, vifungo vya lulu ya uongo na vifungo vya mikono ya shati lake la ndoa.

Tulikua hivyo. Kwetu mtu hakuuliza "sindano iko wapi", alijua iko Bukama. Mtoto akilia kwamba kifungo kimekatika, mama alisema, "Nenda Lubumbashi, rudia mbio." Tuliona ni kawaida mpaka wageni walipocheka.

Mama jirani ndiye hakuacha kucheka hata leo. Yeye aliishi miaka mingi kule Base, kambi ya jeshi, mumewe akiwa mwanajeshi, na sauti yake haijatoka kambini. Akija kuazima sindano anasimama mlangoni na kupiga kelele:

"Bantu ya reli! Sindano yenu ilishafika, ao ingali Bukama? Train yenyewe siku hizi haipite, minyi nitashona lini?"

Na mama anamjibu bila kuinua kichwa:

"Ikala chini. Weye ulizoea kuamuriwa, ngojea kidogo."

Papa alikufa, sanduku likabaki. Maandishi yake ya kalamu ya risasi yalishafutika, lakini hakuna aliyeyahitaji. Kila mtu alijua. Hivyo nilidhani.

Katika mvua za mwaka huu mchwa walipanda kwa mguu wa meza. Asubuhi moja niliinua sanduku kufuta vumbi, kitako chake kikabaki mezani pamoja na vitu vyote, mkononi nikabaki na kuta tupu. Mama alisikia vitu vikimwagika. Alinyoosha mkono, akapapasa ukingo uliolika, akasema:

"Muchwa haijue kama ni papa yenu njo alitengeneza."

Nilitaka kuzitupa kuta zile jikoni ziwashie moto. Akaniambia niziache chini ya meza. Nikaziacha.

Mke wa yaya ndiye aliyetutumia sanduku jipya. Niseme haki hapa: mimi na yeye hatupendani sana, na sijui nani alianza, lakini aliposikia habari ya mchwa hakungoja kuombwa. Alimpa mtu anayesafiri. Lilikuwa la plastiki, linaonekana ndani kama maji ya chupa, lina mfuniko wenye vifungio viwili mbele, na kuta zake za ndani unazichomoa na kuzichomeka, unafanya chumba kikubwa au kidogo upendavyo. Lina mistari miwili ya vyumba. Mama jirani aliligeuza mikononi kama mtu anayenunua kuku.

"Hii ni kitu! Unaona vyote bila kufungua. Hapa hata mwizi hatasumbuka."

Nilikaa kwenye kiti changu, kile kifupi upande wa dirisha, nikalijaza. Mama alikuwa kwenye kiti chake upande wa pili wa meza, mgongo kwa mlango wa chumba cha kulala, mahali anapokaa tangu nilipokuwa mdogo. Niliamua kutobadilisha kitu. Mstari mmoja nikautenga kwa njia ya papa, stesheni kwa stesheni kama nilivyoiona maisha yangu yote: mkono wa kushoto Kamina, halafu Bukama, Luena, Tenke, Likasi, mwisho Lubumbashi. Mstari wa pili nikautia vitu vya siku hizi ambavyo papa hakuvijua, kadi za simu, betri, kile kisindano cha kufungulia simu, kichwa cha chaja kilichokufa ambacho hakuna anayekubali kukitupa. Nilikata vikaratasi, nikaandika majina kwa biki, herufi kubwa, nikavibandika. Nikafurahi nalo. Kisha nikaligeuza lote, ili vifungio vimwelekee mama, afungue yeye bila kuomba. Nilifanya hivyo kwa heshima.

Kuanzia siku ile mama alianza kupotea.

Nasema kupotea kwa sababu ndivyo nilivyoona. Alikuwa akinyoosha mkono kuchukua sindano, anatoa skrubu. Anaishika kwa vidole viwili, anaiviringisha, anairudisha, anachukua nyingine, nayo skrubu. Anataka kiberiti, anatoa mpira. Siku moja alitaka dawa ya kichwa, nikamwona analeta kifungo cha lulu karibu na mdomo. Niliruka nikamshika mkono.

"Mama, hii ni kifungo!"

"Najua," alisema. "Nilikuwa naiangalia."

Tangu hapo sikuweza kumwacha peke yake. Nikienda kisimani narudi nusu njia kuona anafanya nini. Nikiwa sokoni mkono wangu uko kwenye mboga, kichwa kiko mezani kwetu. Nilianza kumjaribu, jambo ambalo silipendi: "Mama, nipe uzi." Anatoa msumari. Namtazama, naye anatazama juu ya bega langu, upande wa dirisha, anatabasamu kama mtu aliyekamatwa katika mchezo. Na katika wiki hizo ndipo yaya aliposema anakuja.

Alifika na matope mpaka magotini, basi lilikuwa limekwama njiani wakasukuma. Mama alimjua kwa hatua yake kabla hajaingia. Hilo nalihesabu upande wa mama. Alimshika kichwa, akamshika masikio, akamwambia amekonda na mke wake anamnyima bukari, tukacheka. Kwa muda nilidhani mambo yatakuwa mazuri.

Halafu mama akapitisha mkono kifuani mwa shati la yaya, akakuta kifungo kimekosekana.

"Njo vile munatembea ku Lubumbashi? Tosha shati. Nitashona."

Yaya alivua shati. Mama alifungua vifungio viwili vya sanduku, taratibu, vizuri. Mkono wake ukaenda. Ukatoa skrubu. Akairudisha, akatoa nyingine. Yaya alinitazama. Mama akahamisha mkono, akatoa mpira, akauvuta, ukalia pwa.

"Sindano ya leo imekuwa laini," alisema, akicheka peke yake.

"Mama," yaya akasema polepole, "Bukama iko pale. Imeandikwa."

"Naona."

"Basi chukua."

Mkono ulikwenda tena, ukasimama hewani juu ya vyumba, ukashuka mahali palepale pa mwanzo. Skrubu. Mama aliiweka mezani, akafunga mfuniko, akasema amechoka, mikono yake imechoka na baridi. Hakukuwa na baridi. Nilimshonea yaya kifungo mimi, na nilijichoma.

Tulitoka barazani. Yaya aliegemea nguzo.

"Umeona," alisema.

"Nimeona."

"Vile anafanya kila siku?"

Nilitaka kusema hapana. "Tangu sanduku jipya."

"Sanduku haifanye muntu asahau sindano. Alikaa na ile njia maisha yake yote. Iko mu kichwa, ndugu yangu. Inaanza hivi, kesho atawasha moto mu chumba. Tutaenda naye. Weye unawaza nini?"

"Sijui."

"Weye kila siku 'sijui'. Mutu moja mu hii nyumba anapashwa kujua."

Simlaumu. Alikuwa amesafiri vibaya, ana kazi inayomngoja na watoto nyumbani, na alichokiona alikiona. Kama ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Lakini niliingia jikoni, nikatoka, nikaingia tena, sikukumbuka nilichofuata. Mama akipelekwa kule na kukalishwa katika chumba cha nyumba asiyoijua, ambako hata mlango hajui unafunguka upande gani, atakuwa kweli yule tunayemsema. Niliogopa hivyo. Na niliogopa pia kwamba yaya ana haki, na ninamzuia mama kwa sababu nitabaki peke yangu. Sikuweza kutenganisha hofu mbili hizo.

Asubuhi iliyofuata yaya alikwenda kuuliza gari. Mimi nilikuwa chumba cha kulala nafunga nguo za mama katika kitambaa, nikazifungua kwa sababu nilisahau sweta, nikazifunga tena. Nikatoka na fungu mikononi. Mlango ule, kama nilivyosema, uko nyuma ya kiti cha mama. Nikasimama pale, mgongo wake mbele yangu.

Alikuwa ameinama akavuta kuta za sanduku la papa kutoka chini ya meza. Zilikuwa mbele yake, bila kitako, vyumba vitupu vimekaa juu ya meza. Vidole vyake vilikuwa vinatembea ndani, kutoka kushoto, kimoja baada ya kingine, na alikuwa anasema kwa sauti ya chini:

"Lubumbashi. Likasi. Tenke. Luena. Bukama…"

Akafika chumba cha mwisho, mkono wa kulia. Hakukitaja. Alikipiga mara moja kwa kiganja.

"Amefika," alisema.

Nilisimama na lile fungu. Maisha yangu yote nimekaa kwenye kiti kile cha dirisha, nikimwangalia mama na sanduku likiwa kati yetu. Kushoto kwangu ni kulia kwake. Mimi nilihesabu treni inavyoondoka Kamina, kwa sababu mtoto wa Kamina anaona treni ikiondoka. Mama alihesabu ile inayorudi. Papa alikuwa njiani huko, kwenye mabreki, na mama alikuwa hapa na vidole vyake, anamleta nyumbani stesheni kwa stesheni. Na mimi, kwa heshima yangu, nililigeuza sanduku zima mbele yake, Bukama ikaenda Likasi, Luena ikaenda Tenke, na nikakaa kuandika kichwani kwamba mama anapotea.

Niliweka fungu chini. Nilizunguka meza, nikalishika sanduku la plastiki, nikaligeuza, vifungio vikaelekea dirishani. Sikusema nimefanya nini.

"Mama, nipe sindano."

Vidole vilitembea. Likasi, Tenke, Luena. Vikaingia Bukama, vikatoka na sindano, imechomekwa kwenye uzi wake.

"Ah," mama alisema. "Imerudia."

"Nipe kiberiti."

Akanipa.

"Juu ya nini unanituma sana leo? Weye huna mikono?"

Nilicheka, nadhani nililia pia. Halafu nikauliza swali ambalo sikulipanga.

"Mama, siku zile, karatasi hazikukusaidia? Nilibandika majina, makubwa."

Aligeuza uso kuelekea dirisha, siyo kuelekea kwangu.

"Karatasi gani?" akauliza.

Nilipitisha mkono mbele ya uso wake, karibu. Macho yake hayakufuata. Kumbe. Kumbe ndiyo maana ya chumvi katika chai: mitungi miwili, ya chumvi na ya sukari, niliyoinunua mimi, ni ya aina moja kwa sababu niliipendea kufanana. Ndiyo maana mama jirani akawa dada aliyekufa: wote wawili ni wanene na wote wanapiga kelele. Na nyimbo bila kitabu, ambazo nilikuwa namsifia. Alikuwa anaijua nyumba hii kwa mikono na miguu, vizuri mno, hata sisi wenye macho hatukuona kwamba yeye haoni.

"Tangu lini, mama?"

"Moja ilienda zamani. Hii ingine inaona kivuli." Alishika mkono wangu, na alinishika kwa nguvu. "Usimwambie yaya yako. Akijua macho, atanipeleka. Bale bantu ya kule ni bazuri, sisemi, lakini batanikalisha pa kiti kama mugeni, batanileteya chakula pa magoti. Hapa minyi naenda mwenyewe."

Hapo nilikaa, mara ya kwanza siku zile. Niseme au nisiseme? Nikinyamaza, yaya anampeleka kama mtu aliyeharibika kichwa, na mtu wa namna hiyo harudishwi. Nikisema, anampeleka kwa sababu ya macho. Njia zote mbili zilikuwa zinashuka Lubumbashi. Nikamwambia mama jinsi ilivyo, bila kuipamba.

"Mama, tayari anakupeleka. Hajui macho. Anafikiri ni kichwa."

"Kichwa?"

"Ndiyo."

"Kichwa yangu, minyi?" Alisimama. Kiti kilianguka. "Mwana nilimuzaa, nilimufundisha kuhesabu pa hii sanduku, anasema kichwa yangu inakufa? Mwite. Na mwite ule wa Base, akuwe muntu wa kusikia."

Yaya aliporudi alikuta kikao. Mama amekaa, sanduku mbele yake, mama jirani pembeni amekunja mikono kama mlinzi wa geti.

"Uliza," mama akamwambia.

"Niulize nini, mama?"

"Weye unajua kuuliza. Uliza!"

Yaya alinitazama, nikamwonyesha kwa kichwa aulize. Akaomba msumari, akaupata. Kamba, akaipata. Akaomba kifungo cha shati la papa, mama akakitoa Lubumbashi, akakishika kidogo kabla ya kumpa. Akaomba betri ya redio: hapo mama alipotea, kwa sababu betri ziko mstari wa pili na huko hajawahi kutembea. Alisema hivyo, "Kule si kwetu," na mama jirani akapiga mguu chini kwa kicheko. Nilimweleza yaya jinsi nilivyoligeuza sanduku. Halafu nikasema, "Mama, mwambie ingine weye mwenyewe," naye akasema macho.

Yaya alifunika uso kwa mikono. Alikaa hivyo. Mama alisikia kimya kikizidi, na nadhani alitaka kukiondoa, kwa sababu alianza kwa sauti nzuri:

"Kulikuwa samaki moja, pale Bukama…"

Akakisimulia chote, mpaka mwisho, jinsi papa alivyomnunua samaki dirishani treni ikiwa inaanza kutembea, akabaki ameshika kichwa na muuzaji mkia. Tukacheka mahali pa kucheka. Kisha akavuta pumzi. "Kulikuwa samaki moja," akasema. Mimi na yaya tulitazamana. Hiyo naiandika kwa sababu ilitokea. Sanduku halikuielezea, wala macho.

Tulipozungumza mwishoni yaya alikuwa mpole. Alisema Lubumbashi wako waganga wa macho, madaktari wa hospitali, kwamba macho ya wazee mara nyingine yanasafishwa na kuona tena, hana hakika, lazima aonwe.

"Nitakupeleka ku macho, mama. Halafu unarudia."

"Nani atanirudisha?"

"Minyi."

"Sema kwa nguvu. Huyu asikie."

"Minyi nitakurudisha kwako, Kamina."

"Nimesikia," alisema mama jirani. "Na hii sikio ilizoea amri, haisahau. Ukichelewa, nitakufuata na mwiko."

Mama alikubali. Alitaka kwanza kugusa nyumba. Alikwenda peke yake, akapitisha mkono kwenye kabati, mlango, ukuta wa jikoni, kitambaa cha meza. Kwenye sanduku hakugusa. Alisema libaki kama lilivyo, na mtu asilibadilishe upande.

Wameondoka. Nyumba haikufungwa, niko ndani yake. Yaya hajataja siku ya kurudi. Simsemi vibaya, mganga mwenyewe hajawaita. Mtungi mmoja wa jikoni nimeufunga kamba shingoni, chumvi, ili ajue kwa vidole akirudi. Vikaratasi nimevibandua. Nazunguka. Nafagia mahali nilipokwisha kufagia. Mama jirani anasema nitatoboa sakafu.

Nimejaribu kukaa kwenye kiti chake. Mwanzo nilihisi kama nimeingia nyumba ya watu: dirisha liko mbele, na stesheni zote zinakuja, hakuna inayoondoka. Mikono yangu inakosea. Nataka uzi, natoa msumari.

Jana mama alipiga simu, au yaya alimpigia akamshikisha. Aliuliza mvua, akauliza kanisa, akasema kule chakula kiko vizuri na kiti ni laini mno. Halafu:

"Sindano iko wapi?"

"Bukama, mama."

"Unaanzia wapi kuhesabu?"

"Lubumbashi."

"Njo vile," alisema. "Usianzie kwako. Anzia kwangu."

Simu ikakatika, mtandao wetu ndivyo ulivyo. Nilifunga sanduku, nikasimama, nikatoka barazani. Nikarudi, nikalifungua tena.